Kichwa Nilichojisuka Mwenyewe

Kabla sijaugua, kichwa changu hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mueni. Kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki, kwa hivyo sisi wasusi huwa tunakabidhiana vichwa. Katika kibanda cha ususi cha Mama Ciku pale Kawangware, Nairobi, Jumatatu ilikuwa siku yetu, maana wateja huwa haba baada ya Jumapili. Mueni aliketi kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, akanisuka huku akinipasha habari za dunia nzima. Akimaliza, tulibadilishana.

Naitwa Rasoa. Nilitoka Vihiga nikiwa msichana, nikapanga chumba Kambi Muru, huko Kibera, nikaishi humo peke yangu. Kila asubuhi nilivuka Ngong Road kwa miguu kwenda Kawangware. Sikuwa na mume wala mtoto, lakini nywele nilikuwa nazo. Zilikuwa nyingi, nyeusi, nzito, na Mama Ciku, mwenye saluni, aliniketisha karibu na mlango makusudi. "Kaa hapo wakuone," alikuwa akisema. Wakaniona, nami nikaringa. Sioni haya kusema kwamba niliringa. Mtu huringia alichonacho.

Mueni alikuwa Mkamba wa Kitui, mnene wa kicheko, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ukiniuliza nilikuwa na nani Nairobi, jibu ni hilo moja, Mueni.

Ugonjwa wenyewe ulianza wakati wa mvua ndefu. Kwanza kichwa kiliuma, kisha tumbo, kisha mwili mzima ukawaka moto. Nilitapika hadi nikawa natapika maji ya kijani. Nilihara, nikafunga choo, nikahara tena. Siku moja nilianguka nje ya choo cha ploti, na jirani yangu, Mama Atieno, akaniokota akanilaza juu ya mkokoteni wa kubebea maji, akanisukuma hadi barabarani tukapata gari la kutufikisha hospitali. Daktari alinibonyeza tumbo nikapiga yowe.

"Ni homa ya matumbo," akasema. "Umechelewa, lakini utapona."

Nikapona kweli. Nilitoka hospitalini sketi zangu zikining'inia, nikizibana kiunoni kwa pini. Mueni alikuja Kambi Muru na uji kwenye chupa ya chai, tumbo lake limemtangulia mlangoni. "Kunywa, wewe. Umekuwa kama mti ya ufagio," akaniambia. Tukacheka. Nilirudi kazini nikidhani yameisha. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba homa kali ina deni lake, na kwamba hulidai baadaye, wakati umeshaisahau.

Kama miezi miwili ilipita. Jumatatu moja Mueni alikuwa akinifumua mistari ya zamani. Alikuwa katikati ya hadithi fulani, mara akanyamaza. Mueni hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Rasoa, hii ni nini?"

"Nini?"

Akanyoosha mkono mbele ya uso wangu. Kilikuwa kishungi cha nywele, kikubwa kama ngumi.

"Si ni zile za kuchana tu," nikasema.

"Hii si ya kuchana. Nimeshika tu, imekuja."

Alinisuka siku ile, lakini kwa ncha za vidole, kama mtu anayechambua samaki mwenye miiba. Jumatatu iliyofuata akasema mimba inamuuma mgongo. Iliyofuata akasema ana mteja. Hakukuwa na mteja.

Ninyi mliokuwa Nairobi miaka ya tisini mnajua tayari alichokuwa akiwaza. Kwa vijana nitaeleza. Wakati ule mtu akikonda na nywele zake zikanyonyoka, mtaa mzima ulikuwa na maelezo mamoja tu. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Ulikuwa "ule ugonjwa," "hii kitu," na mara nyingine mtu alitikisa tu kichwa akakunja mdomo. Na watu walisadiki kwamba unapitia kwenye kitana, kwenye sindano ya kushonea nywele, kwenye taulo. Sasa fikirieni mwanamke aliyekonda, anayenyonyoka nywele, na kazi yake ni kushika vichwa vya watu.

Nikaamua kuficha. Nilivaa kitambaa. Nywele zilizoanguka nilizikusanya zote, za kwenye mto, za kwenye beseni, za kwenye kola ya nguo, kwa sababu kwetu nywele ya mtu haitupwi ovyo. Mtu mbaya akiipata anaweza kukufanyia jambo. Mama yangu alinifundisha kuzichoma, nami nikazichoma kwenye jiko langu la makaa kila jioni. Sikufikiri kwamba kuta za Kambi Muru ni udongo na mabati, na kwamba hakuna mtu asiyejua harufu ya nywele inayoungua. Nywele chache za siku moja hazinuki hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na jiko.

Mama Atieno, yule yule aliyenisukuma kwa mkokoteni, akaanza kunisalimia akiwa upande wa pili wa mtaro. Kule Kawangware kitana changu kilitengwa kwenye mkebe wake peke yake. Halafu Mama Ciku akaniita nyuma ya kibanda.

"Rasoa, wewe ni msichana wangu," akasema. "Lakini pumzika kidogo nyumbani, upate nguvu."

"Nani amelalamika?"

"Si mimi. Ni macustomer. Unajua watu."

"Sema jina la mmoja."

Mueni alikuwa hapo karibu akifagia nywele za wateja, na nilimngoja aseme neno. Lolote tu, hata la kijinga. Alifagia mahali pamoja hadi sakafu ikang'aa. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi kuanzia siku ile niliulizwa kila kitu isipokuwa uji.

Nilianza kuuza makaa Silanga, kule chini karibu na bwawa. Niliichagua kazi ile kwa akili yangu. Muuza makaa hufunga kichwa kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, na hakuna anayemuuliza. Uso mweusi, mikono myeusi, kitambaa cheusi, na wateja waliangalia mkebe wa kupimia tu kama umejaa.

Hapo ndipo nilipoujua upweke, na nitausema kama ulivyokuwa, bila kuupamba. Haukuwa ukimya. Kibera hakuna ukimya. Redio za majirani watatu nilizisikia zote kwa pamoja. Upweke wangu ulikuwa kwamba hakuna aliyenigusa. Kwenye bomba la maji wanawake hutwishana. Wewe unainua upande huu, mwenzako upande ule, mtungi unapanda kichwani. Mimi nilifika, nikajaza, nikasimama, na kila mmoja akakumbuka ana mboga jikoni. Nikawa najaza mtungi nusu ili niweze kuuinua peke yangu, kwa hivyo nilikwenda bombani mara mbili, nikapuuzwa mara mbili. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi nzuri ya kutandaza magoti. Mama yangu alikuwa Vihiga na sikumpelekea habari. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe anaozea mjini kabla ya kufa?

Jumatatu zilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mwili huzoea. Ikifika alasiri ya Jumatatu, ngozi ya kichwa changu ilikuwa inangoja vidole, na vidole havikuja.

Kwa hivyo nikajisuka mwenyewe. Niliegemeza kioo kwenye sufuria, nikachukua uzi mweusi, nikaanza. Sisi wasusi tulikuwa na imani kwamba uzi unavuta nywele zikarefuka, na mabibi zetu waliisadiki pia. Tulikuwa pia na msemo wetu wa kazi, tulimwambia kila mteja aliyelia: kama haiumi, haijashika. Mimi nilitaka ishike. Nilizungusha uzi kwenye vile vinywele vilivyobaki, nikavuta hadi nyusi zikapanda na macho yakawa ya Mchina. Nilishindwa kutafuna. Nililala kifudifudi kwa sababu upande wowote uliuma. Na kila juma nilikaza zaidi, kwa sababu kila juma zilibaki chache zaidi.

Vipele vikatoka kwenye ukingo wa nywele, kuanzia sikio hadi sikio. Vikawa na usaha. Nilivipaka mafuta ya taa, kwa sababu kuna mtu alinipa ushauri huo kwa mbali, na nikaruka chumbani kama kuku aliyekatwa shingo. Ngozi ikababuka. Tezi zikavimba nyuma ya masikio. Asubuhi moja nilipofungua uzi, ulitoka pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Paji la uso lilipanda hadi katikati ya kichwa, ngozi laini, inayong'aa, kama goti. Nilijitazama nikasema kwa sauti, "Basi ni kweli." Nilikuwa nimeshaanza kuwaamini.

Nilienda kliniki moja ya misheni kwa sababu ya usaha, si kwa sababu ya nywele. Nywele nilishazizika. Nilipokewa na sista mmoja mtu mzima, mwenye miwani na viatu vya raba.

"Fungua hiyo kitambaa," akasema.

"Sista, siwezi."

"Mimi nimeona vichwa mingi, mama. Fungua."

Nikafungua. Aliweka vidole vyake kichwani mwangu, vidole vitupu, vya moto. Nikaanza kulia.

"Inauma?"

"Hapana."

Aliendelea kupapasa polepole, akaniinamisha shingo, akafika kisogoni.

"Huku nyuma nywele inarudi," akasema. "Nzuri kabisa, fupi fupi, imejaa. Huku mbele hakuna kitu. Ulikuwa mgonjwa mwaka huu?"

Nikamweleza homa ya matumbo.

"Na nani anakusuka?"

"Mimi mwenyewe."

"Na huku nyuma?"

"Nyuma mkono haufiki vizuri. Huwa naacha."

Alinizunguka akaja mbele, akanitazama juu ya miwani. "Basi umejijibu," akasema.

Sikuelewa mara moja, naye hakuchoka kunieleza. Kila unywele una majira yake. Unakua miaka, unapumzika miezi, unaanguka, na mwingine unaota pale pale. Kwa kawaida nywele haziendi likizo pamoja, ndiyo maana hatuoni. Lakini mwili ukipata msukosuko, homa kali, au uzazi, au njaa, au huzuni kubwa, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja, na baada ya miezi miwili mitatu zinaanguka kwa pamoja. Mtu anafikiri anakufa, kumbe alishapona. Shina la unywele liko hai chini ya ngozi. Ukiliacha, linaota lenyewe.

"Kichwa chako kilikuwa kinapona peke yake," akasema. "Kila mahali mkono wako haukufika, kimepona. Hapa mbele umeng'oa wewe na uzi, ikiota unang'oa. Ungeendelea mwaka mwingine, ngozi ingekufa, na hapo hata mimi singekusaidia."

Nilikaa pale nikihesabu kwa moyo. Mueni aliniacha, ndipo nikajisuka. Nilipojisuka, ndipo nikawa na upara. Nilipokuwa na upara, watu wakasema, mwaona? Sikujua nicheke au nilie zaidi.

Nikamuuliza kuhusu ule ugonjwa. Nilinong'ona. Yeye hakunong'ona.

"Nywele haisemi hiyo," akajibu. "Damu ndiyo inasema. Ukitaka tupime, tutapima."

Nilipimwa. Majibu yakaja. Sikuwa nao. Lakini nataka mjue kwamba sikumwambia mtu pale ploti. Nilitaka sana, ulimi uliniwasha, na mimi ni mtu wa mdomo. Ila nilifikiri, nikipita bombani nikitangaza kwamba mimi sinao, basi nimekubali kwamba aliye nao anastahili kubeba mtungi nusu. Nikanyamaza.

Walichogundua ni kwamba damu yangu ilikuwa imepungua sana. Sista alinipa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya vipele. Akanikata nywele zote zilizobaki kwa makasi yake mwenyewe, zikawa sawa na ngozi. "Usisuke, usivute, usiweke dawa ya kulainisha," akaniagiza. "Osha kwa upole. Usiogope kuosha. Inayoanguka kwa maji ilikuwa tayari inaenda. Vidonge usimeze na chai. Na subiri, mama. Hii kitu haitaki haraka."

Vidonge vilifanya choo changu kuwa cheusi kama makaa niliyouza, nikashtuka, lakini alikuwa amenionya. Nilikula mboga za terere na managu za wale wanaolima Silanga, nikala ndengu, nikala maini nilipoweza. Nilitupa uzi. Kila asubuhi nilipitisha kiganja mbele ya kichwa nikakuta goti lile lile. Miezi ya kungoja ni mirefu kwa mtu asiye na wa kungoja naye. Kisha asubuhi moja kiganja kikakwama kidogo. Kulikuwa na vinywele vya malaika, laini, kama vya mtoto mchanga. Niligeuka nimwambie mtu, na chumba kilikuwa kitupu.

Mueni alikuja Jumapili moja alasiri. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamwona na mtoto mgongoni, uso umemnywea.

"Sasa, Rasoa."

Sikusema karibu. "Umetoka Kawangware na mtoto mgongoni kuja kuangalia kama nimekufa?"

Mueni alivua kitambaa. Nywele zake, zile nilizosuka mimi miaka yote, zilikuwa zimepungua hadi ngozi inaonekana, hasa kwenye panja.

"Imeanza kuanguka," akasema. "Mama Ciku ameona. Juzi ameniambia nipumzike." Akamshika mtoto mguu. "Sasa hata huyu wanamwangalia."

Nitakuwa mwongo nikisema nilimhurumia papo hapo. Kitu kibaya ndani yangu kilifurahi. Kilifurahi kwa muda wa kutosha nikakiona vizuri.

"Nilikuogopa," Mueni akasema. "Nilikuwa na mimba. Niliambiwa inapita kwa kitana, itaingia kwa mtoto. Ningefanya aje?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza aje, Rasoa?"

Mtoto akaanza kulia. Nikamtoa mgongoni mwa Mueni, nikamlaza kitandani, nikavuta kigoda. "Kaa," nikamwambia mama yake. Nikaketi kwenye kiti nyuma yake, nikaweka mikono miwili yote kichwani mwake, si ncha za vidole. Nilipapasa kama sista alivyonipapasa. Zilikuwa zimepungua kichwa kizima sawasawa, hakuna kipele, hakuna kovu, na chini kulikuwa na vinywele vidogo vikichomoza.

"Umezaa miezi ngapi?"

"Minne inaisha."

"Hii ni ya uzazi. Itarudi. Usiivute, usiifiche na rasta. Iache." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimwachia alie, nami nikaendelea kushika.

Kabla sijamalizia habari ya siku ile, niseme yale ninayotaka mshike, dada zangu, na ninyi kina baba pia. Nywele zikianza kunyonyoka, rudisha fikra nyuma miezi michache: uliugua nini, ulizaa, ulikosa chakula, ulizika nani? Mara nyingi jibu liko hapo, nazo zitarudi. Usukaji unaouma unaharibu. Ule msemo wetu wa saluni ulikuwa uongo, nami nimeufuta mdomoni mwangu na mwa kila msichana niliyemfundisha kazi tangu hapo. Ukiona vipele, mabaka, magamba, au ngozi inayong'aa, nenda uonwe mapema, usingoje kuwa na goti kichwani. Na usikubali mtu akusomee ugonjwa kichwani kama mganga anayesoma kibuyu.

Nywele zangu zilirudi zote, isipokuwa kipande kidogo juu ya sikio la kushoto ambacho nilikivuta kupita kiasi. Nilirudi kusuka, na Mueni vilevile, katika kibanda chetu wenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru sista yule. Lakini watu wakiniuliza nilipona lini, siwaambii siku ya vidonge wala siku ya malaika.

Jumapili ile Mueni alipomaliza kulia, alijifuta uso kwa leso ya mtoto, akageuka akanitazama kichwa.

"Na yako, nani anashika?"

"Hakuna."

Akasimama, akanisukuma kutoka kwenye kiti, akaketi yeye. Akapanua magoti, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kuja."

"Mueni, hakuna cha kusuka. Ni fupi."

"Najua," akasema. "Kuja tu."

Nikaenda.